Mtihani wa Daraja la Pili

Mdoli alifika Ipole jana jioni
kwa pikipiki, toka Tabora mjini,
kafungwa kwa mpira mgongoni mwa dereva,
hana miguu, kavalishwa helmeti,
na watoto wa senta wakamkimbilia wakidhani ni mgonjwa.
Sista Kalunde akasema: ndiyo, ni mgonjwa,
tena huyu anakufa mara ishirini kwa siku.

Warina asali tumekuja kumi na wawili.
Daraja la kwanza tulilipata mwaka juzi:
kufunga kidonda, kuzuia damu, kupiga simu.
Kupiga simu!
Kambi yetu iko ng'ambo ya mto Ugalla,
siku moja na nusu kwa baiskeli,
na mtandao unaupata ukipanda mti,
mti uleule uliomwangusha mwenzio.

Daraja la pili, kasema Sista, linaanzia hapo,
simu inapokata.

Basi tumefundishwa saa.
Siyo dawa, saa:
kuandika mapigo ya moyo kwa mkaa juu ya gome,
saa mbili, saa tatu, saa tano,
kumgeuza mtu asilalie ubavu mmoja,
kujua lini umpe maji na lini umnyime,
kumsemesha usiku mpaka ndege waanze.
Tumefundishwa na yasiyofanywa, nayo ndiyo magumu:
aliyeumwa na nyoka usimchanje,
usimfyonze, usimkaze kamba.
Na lile jiwe jeusi la baba yangu,
lililokaa mkobani mwake miaka arobaini,
Sista alilipokea, akaligeuza,
akanirudishia kwa mikono miwili.
"Litunze," akasema. "Ila mgonjwa mlaze,
mguu usitikisike, mlete."

Leo mtihani.
Mdoli nimemsukuma kifua thelathini, pumzi mbili,
thelathini, pumzi mbili,
nikihesabu kwa Kinyamwezi,
maana ndicho mikono yangu inachokijua.

Kisha Sista akaita: mgonjwa wa pili!
Mfupa wa muundi umevunjika, mko porini.
Na aliyetoka nyuma ya ghala la asali, akichechemea,
ni Nsimba.

Hakuna aliyemwambia Sista.
Au labda aliambiwa.
Msimu wa mwaka jana Nsimba alidondoka na mzinga,
na mimi, mwenye cheti cha daraja la kwanza,
niliushika mguu ule nikauvuta
kama nilivyowahi kuona watu wakivuta,
nikaufunga kwa vijiti viwili na kipande cha chandarua,
nikajisifu njia nzima.
Mfupa uliunga.
Uliunga kama njia inavyokwepa kisiki.

Sasa kajilaza mchangani, kafumba macho,
anagumia kwa kuigiza, vizuri mno.
Nikapiga magoti, nikamwuliza jina,
ndivyo tulivyofundishwa.
"Unalijua."
Nikamwuliza anaumia wapi.
"Unapajua."

Wenzangu wakacheka. Sista hakucheka, aliandika.

Nikagusa unyayo: una joto. Akachezesha vidole.
Nikachukua gome la myombo,
lile tunalochuna kwa ajili ya mizinga,
bado bichi, linakunjika kama ngozi,
nikalizungusha toka juu ya goti hadi chini ya kisigino,
nikajaza nyasi palipobaki uwazi,
na uwazi ulikuwa mwingi
upande ule nilioupinda mimi.
"Usivute," akanong'ona.
Sivuti.
Nikaufunga mguu jinsi ulivyo,
siyo jinsi ninavyotaka uwe.
Nikagusa unyayo tena.

Jioni tukagawiwa vyeti ndani ya plastiki.
Jina langu, Mihayo, limekosewa herufi moja,
na chini kuna tarehe ya mwisho: miaka miwili.
Nsimba alikisoma taratibu mpaka chini.
"Chako kinaisha," akasema,
akigongagonga muundi wake. "Changu hakiishi."
Halafu akaniomba nimfungue gome lile polepole,
lisipasuke,
anataka kulifanya mzinga.