Mtangazaji wa Khashuri

Mimi nilikuwa nakata tiketi, dirisha la pili,
yeye akifagia theluji jukwaa la kwanza.
Jina lake Jumber. Kulitamka kulimchukua
muda wa kuvuta nusu sigara.
"Ju," angeanza, "Ju, Ju,"
na abiria wangeinama kutazama viatu vyao
kwa adabu inayouma kuliko kicheko.

Januari ile Lamara wa kipaza sauti akasema
mwakani anastaafu, magoti hayataki tena ngazi.
Jumber akaegemeza fagio ukutani,
akaniandikia nyuma ya risiti: *Naitaka kazi ile.*
Sikucheka.
Tuseme ukweli: nilicheka nyumbani, nikiosha vyombo,
kisha nikaona haya mbele ya sufuria.

Hakuanza na maneno. Alianza na pumzi.
Wiki nzima pumzi tupu:
kuvuta akifika nguzo ya taa,
kutoa akifika pipa la taka.
Halafu M. M peke yake,
midomo imefungwa kama mfuko wa unga,
M ya Mtskheta, bila Mtskheta yenyewe.
Alinunua daftari la miraba, la watoto wa darasa la pili,
na kila jioni aliandika mstari mmoja:
*Leo Gori, mara mbili bila kukwama.*
*Leo Gori, mara mbili.*
*Leo Gori, mara moja. Baridi.*
*Leo Gori, mara tatu. Shahidi mbwa.*

Bandu, bandu.
Wengine wakisikia kigugumizi
hudhani ni mlango uliokwama.
Mimi, kwa kukaa naye, nilianza kusikia shoka:
Ze, Ze, Ze,
kibanzi kinaruka,
Zestafoni imepungua unene wa ukucha,
na kesho shoka litarudi pale pale pa jana.

Lakini usidhani alipanda tu.
Aprili mkewe alikwenda Ugiriki kulea wazee wa watu,
na basi likaondoka na sauti yote.
Wiki tatu daftari jeupe.
Nilimpitishia chai kwenye tundu la tiketi,
hakusema asante, hata ile A.
Siku ya ishirini na mbili, nyuma ya ghala la makaa,
nikasikia: mmmm.
Alikuwa amerudi kwenye M.
Hakuona aibu kurudi chini;
aliliokota fagio pale pale alipoliangusha.

Vuli akaniambia, kwa sentensi iliyopumzika mara nne:
"Jana nimeongea na Tsiala kwenye simu dakika nzima.
Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.
Kumbe analia."

Lamara alipoondoka, mkuu wa stesheni hakumpa kazi.
Alimpa treni moja,
ile ya saa kumi na moja alfajiri,
abiria saba, na kuku ndani ya kapu.
Mwaka uliofuata, treni mbili.
Kisha zile za mchana, isipokuwa ya Batumi,
maana B ilikuwa bado gogo bichi.

Leo theluji imefunika reli.
Nimemwona kupitia kioo akikishika kipaza sauti,
mkono mmoja mfukoni, kwenye daftari.
"Treni ya kwenda Ba..."
Stesheni nzima ikasubiri.
"Ba..."
Hakuna aliyetazama viatu.
Mama mmoja mwenye chupa ya matango ya siki
alikuwa ameinua kidole, anangoja naye,
kama mtu anayemshikia mwenzake mlango.
"...Batumi itachelewa dakika ishirini."

Watu wakalalamika, kwa sauti, kwa furaha ya kawaida,
wakilaumu reli, serikali, mbingu.
Hakuna aliyemlaumu yeye.

Amepita dirishani kwangu kuchukua chai.
"A-asante," amesema, kisha akafungua daftari
akaandika amesimama, theluji ikimdondokea kwenye ukurasa:
*Leo Batumi, jaribio la tatu.*
Akafikiri.
*Kesho, la pili.*