Mbegu Iliyokaa Nje

Kila ulipolia, Ausi, kilichomoza.
Ukilala, kilirudi kwake, kimya.
Bibi yako akasema: huyu kazaliwa na bibo,
tunda lenye mbegu yake nje.
Akafungua pindo la kanga,
akatoa shilingi ya zamani, ile nzito,
akaibana juu ya kitovu chako
kwa kitambaa alichokichana kwenye shuka yangu ya harusi.

Siku tisa.
Ya kumi ngozi imechorwa duara,
bichi, inatoa majimaji,
na kitovu, nilipofungua, kikachungulia
kama mtu aliyeitwa jina.

Kutoka Kitangari hadi Newala bodaboda alitaka elfu nane.
Nilikuwa na sita. Mbili, tukakubaliana, baada ya mnada.
Tabibu, kijana, kucha fupi,
akakibonyeza kwa kidole kimoja: kikazama.
Akakiachia: hicho.
"Ni ngiri, mama. Mlango haujajifunga, basi.
Vingi hujifunga vyenyewe. Tumpe miaka minne, mitano.
Ila kikigangamaa, kikakataa kurudi, akatapika,
usingoje kuche.
Na hiyo sarafu kanunulie chumvi."

Shilingi ile hakuna duka linaloipokea.

Nikasubiri.
Misimu mitano ya kupuliza salfa,
na usiku nakupapasa usingizini
kama mwizi anayejaribu komeo.
Ncha ya kidole bado inaingia.
Wewe mwenzangu ulifungua biashara:
korosho moja kutazama, tatu kugusa,
mpaka mtoto wa Nachilima akalipa kumi na moja
na jioni ugali ukakushinda.

Siku ya kisu nilikaa kwenye benchi nikihesabu vigae,
nasahau, naanza upya.
Wakakutoa umelala, mdomo wazi,
chini ya bandeji kamstari kadogo,
tabasamu la mtu anayeficha jambo.
Ulipoamka ukashika tumbo, ukaangua kilio:
"Mama, wamekichukua!"
Nikacheka hadi nesi akanitazama,
kisha sikujua tena kama nacheka.

Bibi yako alidai shilingi yake.
Nikampa. Akaifunga penye pindo, akanong'ona:
"Ilisaidia."
Sikubisha.
Kile kipande kilichokauka, kikadondoka ukiwa na siku sita,
yeye ndiye alikizika chini ya mche wa mkorosho
huku mimi siwezi hata kusimama.
Mwaka huu umezaa.
Mbegu, kama kawaida yake, nje.