Vikombe Vitatu vya Mwakirunge

Mlingoti tuliusimika kilimani, nyuma ya jaa,
mita themanini za chuma, waya zimeukaza pande tatu,
na kileleni vikombe vitatu, vidogo kama vya kahawa,
vya kunywea kitu kisichoonekana.

Kila dakika kumi kisanduku kiliandika:
mwendo, mwelekeo, joto.
Kila mwezi nilikuja na kompyuta begani kunakili,
na Bi Umazi, anayechambua chupa za plastiki,
alinicheka: "Mwaka mzima mwauliza upepo?
Waulize magunia yangu."

Januari, kaskazi.
Machi mwishoni, sufuri. Sufuri. Sufuri.
Siku tisa nikaandika *shwari*, nikaridhika.
Kumbe kunguru wawili, wa mji huu, wasio na haya,
wamejenga juu ya mkono wa kipimo
kwa vipande vya waya na kamba ya kiatu.
Kwenye ripoti tuliandika: *takwimu zimekosekana.*
Kunguru hatukuwataja.

Julai, usiku, simu:
"Bati la jirani limekwenda! Leo umepata?"
Nilipata. Mita kumi na moja kwa sekunde,
kwa dakika arobaini.
Alfajiri, mbili.

Nani angemweleza
kwamba upepo wa hasira si upepo wa kazi?
Panga la mtambo halitaki kishindo.
Linataka kibarua asiyekosa zamu,
anayeingia saa kumi za usiku bila kuitwa.

Wastani wa mwaka: nne nukta mbili.
Tulitaka sita na nusu.

Nilikwenda mwenyewe kabla ya barua.
Nikamwonyesha mchoro, ua la upepo,
petali za kusini ndefu, za magharibi vijibutu.
Akaligeuza karatasini, akaligeuza tena.
"Ua lenu limeinama."
Kisha: "Basi huu wetu watosha nini?"
"Kukausha kanga."
"Na kuniibia magunia," akasema.
Hakucheka. Akatazama nguzo za stima
zipitazo mbali, hazikati kona kuja kwake.
"Hilo zege liacheni. Nitaanikia chupa."

Tuliung'oa mlingoti Jumanne.
Vikombe nilivishika mkononi, nyuma ya pikapu,
na Shekue alipokanyaga mafuta kuteremkia Bamburi
vikaanza kuzunguka, polepole,
halafu kwa wazimu,
saba, nane, sijui,
hapakuwa na kisanduku cha kuandika.