Kijiko cha Ognyan

Tangu Februari madirisha ya jikoni hayafunguki.
Miche imejipanga pale ndani ya vikopo vya mtindi,
shingo zote zimepinda kuelekea jua
kama majirani wakisikia ugomvi nyumba ya pili.
Mama mkwe ameviandika vikopo kwa kalamu ya wino:
Moyo wa Fahali. Pembe ya Kondoo. Usiguse.
Hiyo Usiguse sijui ni mbegu gani, wala sijauliza.
Mwanangu Kamen anamwita Nyanya, nami husema humu ndani
tuna nyanya mmoja na nyanya mia na kumi,
na hakuna hata mmoja anayeridhika na maji ninayotia mimi.

Machi mosi alitufunga uzi mkononi, mwekundu na mweupe,
tusiuvue mpaka tumwone korongo.
Korongo amefika. Ametua juu ya nguzo ya umeme karibu na shule,
anajenga kama mtu asiyedaiwa kodi.
Kamen akautundika uzi wake kwenye mti wa plamu.
Mimi wangu bado. Nilimwambia Ognyan kwa simu:
nitaufungua siku utakayoshuka kwenye basi.
Akacheka. Nyuma yake zikalia mashine za Dortmund.
Akauliza: njegere mmepanda?

Njegere! Hapo ndipo vita vilipo.
Mama mkwe anasema udongo bado unauma vidole.
Mimi nasema njegere haiogopi, njegere ni mtoto wa baridi.
Anasema: wewe umezaliwa ghorofani, unajua nini?
Kweli, nimezaliwa Plovdiv, ghorofa ya saba,
tukiotesha vitunguu kwenye ndoo iliyotoboka.
Nikachukua jembe, nikatoka na viatu vyake vya mpira.

Udongo mweusi, mzito, ukifunguka unanuka mvua ya jana.
Mnyoo. Jiwe. Kifuniko cha soda. Mnyoo.
Kisha chuma kikagonga chuma:
kijiko.
Kijiko cha supu chenye kipini kilichopinda,
kile alichokilia Ognyan mpaka Oktoba,
tulichokitafuta chini ya makochi na nyuma ya jiko,
hata nikamshuku shangazi yake, Mungu anisamehe,
nikawa nahesabu vijiko kila alipoaga.

Kamen alikuwa amechuchumaa penye uzio, hapepesi macho.
"Mbona umekichimbua? Kilikuwa hakijaota."

Ana miaka mitano. Alikifukia siku basi lilipoondoka,
maana Nyanya alimwambia:
ukitaka kitu mwakani, kipe udongo kabla ya theluji.
Nyanya alikuwa akizungumzia vitunguu saumu.

Kicheko kilinipanda hadi kooni, kikakwama.
Mama mkwe alikuwa mlangoni, ndoo mkononi. Amesikia.
Nilidhani ataanza na ghorofa ya saba.
Akapiga magoti, kwa shida, la kulia halikunjiki tena,
akanyoosha mkono, nikampa kijiko,
akakifuta kwa aproni, akakigeuza huku na huku,
akakirudisha shimoni, ncha ya kipini juu.
"Lete hizo njegere," akasema.
Tukazipanda kukizunguka, watatu, bila neno,
tundu kwa kidole, mbegu mbili mbili,
kidole changu, kidole chake,
kidole kidogo chenye kucha nyeusi.

Usiku ule sakitu ikashuka. Ikashuka kweli, kama alivyosema.
Saa tisa tulikuwa nje na tochi
tukifunika saladi na spinachi kwa mashuka,
kwa magazeti, kwa pazia la sebuleni,
na njegere pia, ambazo hata hazijaota,
yeye akinung'unika: ghorofani, ghorofani.
Kamen alilala fofofo.

Zimetokea chache, si zote. Leo nimehesabu kumi na tisa,
na katikati yao kipini, kina umande,
hakijaongezeka hata unywele.
Kamen hukipima kwa kidole kabla ya chai,
kisha huja jikoni kunipa habari: bado.
Nami huvuta mkono wa sweta, nikaufunika uzi.