Mashine ya Pili

Nsimire alikuja mwezi wa sita,
upepo wetu unapochuna midomo
na vumbi la Chang'ombe linaingia hadi kwenye chumvi.
Shingoni tepu ya kupimia, namba zimefutika,
mkononi mwanawe, na karatasi ndani ya nailoni
iliyokunjwa hadi ikawa na mistari kama kiganja.
"Minajua kushona," akasema. "Kazi iko?"

Vijana wa bodaboda wakacheka.
Hicho ni Kiswahili cha wapi, mama?
Nikawaambia: mbona mmekielewa?

Kazi haikuwepo, niseme kweli.
Kulikuwa na mashine ya pili tu, ya marehemu dada yangu,
imefunikwa khanga tangu msiba,
mkanda umekatika, sindano imeshika kutu
ikiwa bado ndani ya kitambaa:
suruali ya mtu ambaye hakurudi kuidai.

Sikumpa siku ile. Sina roho hiyo.
Nilimpa stuli na vifungo vya sare za shule.
Akashona mia na arobaini,
na kila kimoja akakizungushia uzi shinani mara tatu
kama mtu anayefunga mlango
mahali alipowahi kuuacha wazi.

Tukaenda Uhamiaji. Tukaambiwa njooni Jumanne.
Jumanne tukaambiwa picha iwe na mandhari ya buluu.
Mara ya tatu foleni ilifika nje, juani,
na mimi, Mgogo wa Mvumi, niliyezaliwa hapa hapa,
nikajua jinsi mtu anavyoweza kuwa hayupo
huku amesimama.

Njiani nilimfundisha.
Hapa hatuanzi na "kazi iko".
Tunaanza na shikamoo, halafu habari za nyumbani,
halafu mvua iliyotunyima,
ndipo shida inatajwa, tena kwa ubavu.
Bei usiwe wa kwanza kuitamka.
Anayekuita "mdogo wangu" kabla hajajua jina lako, atakupunja.
Akiahirisha malipo mara mbili, chukua mkasi wako uondoke.
Naye akanifundisha kukata bila karatasi,
kwa chaki na jicho,
miaka ishirini na mbili nikiwa fundi.

Maneno hayakukosa. Chibago wa ng'ambo ya barabara alisema:
watoto wetu wamejaa vijiweni, wewe unagawa riziki kwa wageni.
Sikumjibu vizuri.
Jibu zuri lilinijia siku mbili baadaye
nikipepeta uwele, na sasa nimelisahau.

Ninachokumbuka ni Alhamisi moja ya mwezi wa kumi,
joto limeanza kupanda ukutani asubuhi asubuhi,
kibali kimetoka jana yake.
Aliifunua mashine. Khanga akaikunja mara nne, akanikabidhi
kwa mikono miwili, bila neno.
Akatia mafuta. Akafunga mkanda mpya.
Na kabla hajagusa kazi ya mteja yeyote
akaimalizia ile suruali, mguu uliobaki,
akaitundika mlangoni.

Haijadaiwa bado.
Lakini watu wakipita husimama, hushika upindo,
huugeuza ndani kutafuta kasoro,
kisha huuliza: nani kashona?

Fundi, nasema. Yumo ndani.
Ingia upimwe.