Karani wa Ghala

Daktari wa Ndanda aliniambia:
usingizi ni karani wa ghala,
huipima siku, huitia guniani,
huiandikia stakabadhi.

Wa kwangu kaacha kazi
tangu rundo la korosho lilipomwangukia Likwata.

Mchana nasahau deni la sukari kwa Bi Somoe,
jina la mwalimu wa mwanangu,
mlango niliotoka kuufunga sasa hivi.

Ila saa nane, kila saa nane,
kamba inakatika upya,
vumbi lile lile puani,
na sauti yake chini ya magunia
ikiuliza kama nimeshakunywa chai.

Sikuwa nimekunywa.

Nainuka, nabandika maji.
Masasi yote imelala.
Yanachemka, yanakaukia sufuriani.
Nimesahau niliyabandika ya nini.