Chumba Namba Kumi na Saba

Kazi yangu ni pua.
Wengine huajiriwa kwa vyeti, kwa mikono;
mimi jiji limenipa kiti, tochi na daftari,
na kila saa moja jioni, hapa langoni Walukuba,
wapangaji ishirini hunipulizia usoni
mmoja baada ya mwingine
kama watu wanaochochea kuni mbichi.

Asiyenuka, aingie.
Anayenuka, arudi alikotoka,
na alikotoka ndiko walikomtoa.

Sheria hiyo sikuitunga mimi, Adriko,
sajini mstaafu, Kiswahili changu cha kambini,
goti langu halikunjiki.
Imeandikwa ukutani kwa rangi ya kijani
chini ya jina la mfadhili:
KWANZA UACHE, NDIPO ULALE.

Isabirye ni wa chumba namba kumi na saba.
Alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo
mpaka mitambo ilipouzwa kwa kilo, vyuma chakavu,
na yeye akabaki na masikio mabovu na kiu.
Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa,
wakubwa walikula kuku, yeye akapigwa picha
na ufunguo mkononi.
Aliufunga kwa kamba ya kiatu, akauvaa shingoni.

Usiku themanini. Nimehesabu daftarini:
amelala ndani kumi na mmoja.
Uliobaki alilala ng'ambo ya barabara,
barazani kwa muuza saruji, juu ya boksi,
uso kauelekeza dirishani kwake.

Nesi huja Jumanne ya kwanza ya mwezi.
Dawa ya kutuliza mtetemeko iliisha tangu Pasaka.
Huandika karatasi: apelekwe Butabika.
Nauli ya Butabika haimo kwenye bajeti.
Rangi ya kijani ilikuwamo.

Usiku mmoja aliniambia, bila hasira:
"Afande, mnasema niache ndipo nilale.
Hebu acha wewe, ukiwa chini pale,
mbu sikioni, buti la polisi mbavuni,
na blanketi lako lote ni chupa.
Nipeni mwezi mmoja tu
wa mlango unaofungwa kwa ndani.
Nilale kwanza. Kisha tuongee."

Sikumjibu.
Mfukoni mwa koti langu kuna waragi kidogo,
ya baridi, najiambia, ya goti.
Mimi hakuna anayeninusa.

Ndipo mvua za Aprili zikaja, nami nikapata mafua.
Mafua makali, nawaambia,
mafua ya siku kumi na mbili.
Isabirye alipuliza, nikapiga chafya,
nikaandika: SAFI.
Akapanda ngazi polepole, akishika ukuta,
nikasikia komeo.

Sisemi kwamba aliacha.
Nangobi wa kumi na sita anasema alipunguza,
lakini Nangobi humpenda kila mtu.
Ninachojua mimi ni kwamba siku ya tisa
alinunua ufagio.
Mtu wa barazani hanunui ufagio.

Siku ya kumi na tatu akaja ofisa na faili,
akanusa korido mwenyewe, akaniuliza:
"Sajini, hiyo pua vipi?"
Juma lililofuata walileta kimashine,
kidogo kama simu, chenye mrija mweupe.
Mashine haipati mafua.

Ripoti ya robo mwaka imesomwa, watu wakapiga makofi:
wa kumi na saba ameondoka kwa hiari.
Kwa hiari!
Ninamwona kutoka kitini.
Anakunja boksi lake alfajiri vizuri sana,
pembe kwa pembe, kama shuka.

Chumbani sasa kuna viti vya plastiki vya wageni
na, nyuma ya mlango, ule ufagio.

Jana wamenituma nivuke nikamnyang'anye ufunguo.
Barabara yenyewe ni hatua ishirini na mbili.
Nimewaambia mvua inakuja,
na goti hili, wakubwa,
goti hili leo
limekataa kabisa.